Makala yangu moja imenukuliwa kuliko nyingine zote: je, kamati ina haki ya kuzidharau zilizobaki?

"Mimi ni daktari na ninafundisha chuo kikuu hapa Tanzania. Tangu 2016 nafanya utafiti wa tiba mtandao, hasa mashauriano ya simu kati ya zahanati na hospitali ya mkoa. Nina makala 14. Google Scholar inaonyesha zimenukuliwa mara 412 na kipimo changu cha h ni 8. Kanzidata ya Scopus inaonyesha makala 9, nukuu 181, na h ni 5. Nimeomba kupanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi. Mjumbe mmoja wa kamati ameniambia nimejaza namba za Google, na kwamba kwa kweli nina makala moja tu, ile ya mapitio ya tafiti tuliyoandika wakati wa UVIKO-19, ambayo peke yake ina nukuu 263. Nyingine anasema ni za kujazia. Wiki hiyohiyo nimepata barua pepe ya watu wanaodai wanaweza kuniongezea nukuu 100 kwa malipo. Sitaki kudanganya, lakini nimevunjika moyo. Namba ipi ndiyo ya kweli, na nifanye nini?"

Pole sana, Daktari. Nianze na lililokuuma zaidi: hujatia chumvi popote. Namba zako zote mbili ni za kweli, ila kila moja inajibu swali lake. Kosa lingekuwa kuandika 412 bila kusema zimetoka wapi, au kuchukua makala za Scopus ukazivalisha nukuu za Google. Fomu uliyoniambatanishia inataja chanzo na tarehe, kwa hiyo hapo uko salama.

Tofauti inatokana na nani anahesabiwa. Google Scholar haina bodi ya kuchagua. Mashine yake inapita kwenye tovuti za majarida, hazina za tasnifu za vyuo, kumbukumbu za mikutano na nakala za awali (makala zilizowekwa mtandaoni kabla ya kuhakikiwa), na karibu chochote chenye sura ya kitaaluma na orodha ya marejeleo kinaingia kwenye hesabu. Scopus ya kampuni ya Elsevier ilianza mwaka uleule na Google Scholar, 2004, lakini yenyewe huchagua majarida kwa bodi ya wataalamu. Web of Science, kanzidata ya kampuni ya Clarivate, yenye mizizi katika faharasa ya nukuu ambayo Eugene Garfield aliitoa Philadelphia mwaka 1964, huchuja zaidi katika mkusanyo wake mkuu. Sasa mwanafunzi wa uzamili pale Muhimbili akilitumia dodoso lako kwenye tasnifu yake, Google itamwona na Scopus haitamwona. Mtafiti wa Kisumu akikunukuu katika jarida linalopatikana AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, lakini halimo Scopus, ni hivyohivyo.

Nimeipitia orodha yako. Makala tano ambazo Scopus haina, tatu ni za majarida ya Afrika Mashariki na mbili ni za mikutano ya hapa nchini. Hizo si za kujazia. Mojawapo inaeleza kwa nini waganga wa zahanati waliacha kutumia simu ya mashauriano baada ya mwaka mmoja, na kwa mtu anayepanga bajeti ya mkoa, hiyo ndiyo makala ya kusoma kwanza. Isitoshe, fani yenu imekaa kati ya udaktari, uuguzi, kompyuta na uchumi wa afya, na watu wa kompyuta huchapisha sana kwenye mikutano. Kanzidata inayotazama majarida ya tiba peke yake lazima imwone mtafiti wa tiba mtandao nusunusu.

Twende kwenye kipimo cha h, maana hapo ndipo mjumbe wako alipoteleza. Zipange makala zako za Google kuanzia yenye nukuu nyingi: 263, 51, 24, 19, 15, 12, 9, 8, 4, 3, 2, 1, 1, 0. Shuka ukihesabu nafasi, ukiendelea maadamu nukuu hazijapungua namba ya nafasi. Nafasi ya nane ina nukuu 8, inatosha. Nafasi ya tisa ina nukuu 4, haitoshi. Unasimama kwenye nane. Sasa chukua ile ya kwanza uishushe kutoka 263 hadi 30: h yako inabaki 8 ileile. Kipimo hiki hakijali makala ya juu imepaa kiasi gani. Kinachotazama ni zilizo chini yake. Mtu mwenye makala moja tu iliyonukuliwa, hata ikinukuliwa mara elfu, h yake ni 1. Kwa hiyo maneno ya kwamba una makala moja yanakanushwa na namba ileile aliyokuwa ameishika mkononi. Ukifanya hesabu hiyo kwa Scopus (127, 24, 11, 8, 6, 3, 1, 1, 0) unasimama kwenye tano, na hoja ni ileile.

Hata hivyo usikipende kupita kiasi. Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alikipendekeza mwaka 2005 akiwa na wanafizikia wenzake akilini. Hakishuki kamwe, hivyo kinampendelea aliyeanza zamani. Hakiwezi kuzidi idadi ya makala zako. Hakijui kama ulikuwa mwandishi wa kwanza uliyekusanya data kwa pikipiki au jina la kumi na mbili kati ya ishirini. Na hakijui fani, ilhali tabia ya kunukuu katika tiba na katika kompyuta ni tofauti sana. Hirsch mwenyewe mwaka 2020 aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia.

Lakini mjumbe ana hoja moja ya haki, na ni vizuri uikubali kabla hajairudia mbele ya wenzake. Nukuu 263 kati ya 412 ni karibu theluthi mbili. Ukiiondoa makala hiyo unabaki na nukuu 149 kwa makala 13. Mtu anayefungua maelezo yake kwa "nimenukuliwa mara 412" anaacha picha isiyo sawa, hata kama kila nukuu ni halali. Jumla huvutwa na makala moja kama wastani wa kipato cha mtaa unavyovutwa na tajiri mmoja aliyejenga pale. Jumla isiwe sentensi yako ya kwanza.

Na tuulize kwa nini ile ya mapitio ilipaa. Mwaka 2020 kliniki zilifungwa, mashauriano yakahamia kwenye simu na video, Marekani ikalegeza masharti ya malipo ya tiba mtandao chini ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, mwezi Machi, na majarida yakafurika makala za tiba mtandao kwa kasi isiyowahi kuonekana katika fani hiyo. Kila makala mpya ilihitaji aya ya utangulizi, na utangulizi unahitaji marejeleo. Mapitio ya tafiti ndiyo hunukuliwa kirahisi hapo, kwa sababu yanamwokolea mwandishi kazi ya kutaja tafiti ishirini moja moja. Hili ni la kawaida katika fani zote, UVIKO ulilikuza tu.

Fanya zoezi hili jioni moja. Fungua makala ishirini zinazoinukuu ile ya mapitio, tafuta namba ya rejeleo lako ndani ya matini, usome sentensi nzima. Nyingi utazikuta hivi: "Matumizi ya tiba mtandao yameongezeka sana tangu 2020," halafu mabano yenye namba saba, na wewe ni mmoja wa hao saba. Kisha fanya hivyohivyo kwa ile yenye nukuu 24, iliyopima dodoso la kuridhika kwa wagonjwa. Humo utakuta sentensi za namna nyingine: "Tulitumia dodoso la hawa, tukaongeza maswali mawili kuhusu gharama za nauli." Zote mbili zimehesabiwa nukuu moja moja. Ila ya pili inasema mtu alichukua chombo chako akaenda kufanyia kazi, na sentensi kama hiyo ukiinakili kwenye maelezo yako ina uzito ambao namba 24 haiwezi kuubeba. Kuna wajumbe ambao hawajawahi kuonyeshwa tofauti hii. Waonyeshe.

Nukuu pia si kukubaliana. Katika fani yako mfano mzuri uko jirani. Jaribio la WelTel liliandikisha wagonjwa Kenya kati ya 2007 na 2008, likachapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2010. Lilikuwa na wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza ARV katika kliniki tatu. Kundi moja lilitumiwa kila wiki ujumbe wa neno moja, "Mambo?", na mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, na aliyekaa kimya, mhudumu alimpigia simu. Mwishoni asilimia 57 ya kundi hilo walikuwa wamefubaza virusi, dhidi ya asilimia 48 ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Makala hiyo imenukuliwa sana. Lakini baadhi ya hizo nukuu zinatoka kwa watu waliojaribu ujumbe wa simu mahali pengine wakapata jibu jingine. Jaribio la Yaoundé, Kameruni, lililochapishwa 2012 likiwa na washiriki 200, halikuona tofauti yenye uzito wa kitakwimu. Anayethibitisha na anayepinga wote wanaingia kwenye hesabu ileile.

Na kuna athari ambayo hesabu haiioni kabisa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa ARV, lilisema ujumbe wa simu unaweza kutumika kuwakumbusha wagonjwa dawa, na majaribio ya Kenya yalikuwa sehemu ya ushahidi wake. Kwa mgonjwa wa Pumwani au Kajiado, kliniki mbili kati ya zile tatu za WelTel, mstari huo katika mwongozo ni mkubwa kuliko nukuu mia. Nyaraka za wizara, miongozo ya mikoa na mitaala ya mafunzo kazini kwa kawaida hazimo Scopus. Wewe mwenyewe umeniandikia, tena kama jambo la pembeni, kwamba mkoa wenu ulichukua fomu yenu ya rufaa kwa simu na bado inatumika. Daktari, hilo si la pembeni! Omba barua ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa inayosema fomu ilichukuliwa lini na inatumika vituo gani, uiambatanishe.

Nikuongezee mfano wa Zanzibar, kwa sababu unagusa swali la nini kihesabiwe ubora. Utafiti wa simu kwa wajawazito uliochapishwa 2012 ulihusisha vituo 24 vya afya ya msingi na wanawake 2,550. Waliojifungua kwa msaada wa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 katika kundi la simu na 47 katika kundi la kulinganisha. Ukisoma ndani zaidi unakuta faida ilionekana kwa wanawake wa mjini, na wa shamba haikuwafikia. Anayenukuu katika utangulizi huchukua 60 na 47 akaenda zake. Anayepanga huduma anahitaji lile la shamba. Utafiti wa kwetu mara nyingi thamani yake imelala kwenye maelezo ya namna hiyo, na ndiyo sababu Ilani ya Leiden ya 2015, iliyoandikwa na wataalamu wa vipimo vya utafiti, katika kanuni zake 10 imeweka moja ya kulinda utafiti bora wenye manufaa kwa mahali ulipofanyika. Nyingine inasema anayepimwa apewe nafasi ya kuhakiki data anazopimwa kwazo. Una haki ya kuiomba nafasi hiyo kwa adabu.

Kuhusu kipimo cha athari cha jarida, ambacho najua kamati nyingi hukipenda, nitakuwa mfupi. Ni nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, zikigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Kinaeleza jarida. Hakisemi kitu kuhusu makala yako. Tamko la San Francisco la 2012, DORA, linaziomba taasisi zisikitumie kumpima mtafiti mmoja mmoja. Kinachotolewa na Clarivate ndicho chenye jina hilo kihalali; majarida mengi ya kitapeli hujipachika namba za majina yanayofanana. Na hata cha halali si cha kudumu: Machi 2023 jarida la IJERPH, ambalo lilichapisha makala nyingi za afya ya jamii na tiba mtandao, liliondolewa Web of Science na kupoteza kipimo chake. Makala nzuri zilizokuwa humo hazikugeuka mbaya usiku mmoja. Yako moja iko humo; ieleze kwa sentensi moja bila kujificha, mwaka ilipochapishwa jarida lilikuwa ndani.

Sasa barua pepe ile. Usiwajibu, hata kwa kuuliza bei. Nukuu za kununua huwekwa kwenye makala ambazo hazihusiani na kazi yako, mara nyingi nyingi kwa mkupuo, na katika ukurasa wako wa Google Scholar nguzo ya mwaka huo kwenye chati hupanda ghafla. Yeyote anayebofya anaona. Kwamba Google inaweza kuchezewa si siri: watafiti wa Hispania walipandisha mtandaoni nyaraka sita za uongo za mwandishi ambaye hayupo, na kwa hizo sita wakazalisha nukuu 774, wakachapisha matokeo ili watu waone ilivyo rahisi. Wajumbe wa kamati wameshasikia habari za namna hiyo, na huenda ndicho chanzo cha yale maneno makali uliyoambiwa. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani, zaidi ya 8,000 kati yake za majarida ya mchapishaji Hindawi, na nukuu zilizopangwa zilikuwa miongoni mwa dalili zilizofichua. Makala inayokunukuu ikibatilishwa, jina lako linabaki kwenye orodha yake. Kazi ya miaka kumi haifai kuwekwa rehani kwa nukuu mia.

Unaweza kuamua kutaja Scopus peke yake. Ni salama, hakuna wa kukubishia, lakini unazizika makala tano, zikiwemo zile za karibu zaidi na wagonjwa wako. Unaweza kutaja Google peke yake ukabaki kwenye ugomvi uleule. Mimi ningetaja zote mbili kwa mstari mmoja mmoja, chanzo na tarehe, halafu ukurasa mzima uliobaki ningeutumia kwa makala tano nilizochagua mwenyewe. Kwa kila moja: swali lilikuwa nini, mlipata nini, wewe ulifanya nini hasa (orodha ya majukumu 14 ya CRediT, mfumo wa kutaja mchango wa kila mwandishi, itakusaidia kusema bila kujisifu), na nani ameitumia. Ile ya mapitio iwemo, lakini iwe ya tatu au ya nne. Ianze ile ya dodoso au ile ya zahanati.

Ukitaka kulinganisha, linganisha makala na wenzake wa mwaka uleule na aina ileile. Mapitio ya 2020 yasiwekwe mizani moja na jaribio la 2018. Kwa makala zilizomo PubMed, kanzidata ya makala za tiba, huduma ya bure ya iCite ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, hutoa uwiano uliokwisha kurekebishwa kwa fani na mwaka, ambapo 1 ni makala ya katikati kati ya zile zilizofadhiliwa na NIH. Makala yenye nukuu chache inaweza kuwa juu ya 1 ikiwa ni changa, na hilo hushangaza wengi. OpenAlex, kanzidata nyingine ya bure, inaona majarida mengi zaidi ya nchi zetu. Ila makala ikiwa na mwaka mmoja au miwili, namba yoyote utakayoipata bado ni ya kubahatisha, usiijengee hoja.

Kabla ya yote hayo, safisha jina lako. Nimeona Scopus imekugawa watu wawili: mmoja ana makala saba kwa majina yako matatu, mwingine ana mbili ulipoandika herufi ya kwanza tu ya jina la kati. Hizo tisa ulizotaja ulizijumlisha mwenyewe, na ni sawa, lakini mjumbe akitafuta atakuta saba. Kwa majina yetu hili ni la kila siku. Mohamed huandikwa kwa herufi za kila namna, na jina la babu huja na kuondoka. Omba Scopus waunganishe, ni bure. Fungua ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, kama huna, uiandike kila unapowasilisha makala. Kwenye Google Scholar ondoa ile makala ya kilimo ambayo si yako. Haina nukuu hata moja na haikuongezei kitu, lakini mtu mwenye shaka akiikuta hapo ataanza kutilia shaka na zilizo zako.

Je, uandike mapitio mengine kwa sababu yanalipa kwa nukuu? Kama kuna swali linalohitaji mapitio, andika, ni kazi ya heshima. Lakini kamati nyingi zinataka tafiti za awali, na wewe nguvu yako iko uwandani. Ningekushauri ule ufuatiliaji wa zahanati uumalize kwanza, hata ukinukuliwa mara tisa.

Mwisho, kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Chukua kanuni za kupandishwa cheo za chuo chako, uende nazo kwa mkutubi wa utafiti, mkae pamoja mbele ya kompyuta. Mwombe akupe taarifa ya nukuu yenye sahihi yake. Kanuni zinatofautiana chuo kwa chuo, na kama zako zinataja Scopus kwa jina, basi huo ndio mlango wa kupitia na Google ibaki kiambatanisho. Kama mjumbe alitamka neno udanganyifu, usijibizane naye kwenye korido wala kwenye kundi la WhatsApp la idara. Mwone mkuu wa idara ana kwa ana, ukiwa na karatasi zako, uombe madai yaandikwe ili uyajibu kwa maandishi. Na ukigundua jina lako limewekwa kwenye makala usiyoijua, au mwenzako amenunua nukuu kwenye makala mliyoandika pamoja, hilo ni la kamati ya maadili ya utafiti, na uende mapema kabla halijakufikia wewe. Kurasa za Scopus na Google zichapishe siku ileile unayowasilisha fomu, zikiwa na tarehe juu, kwa sababu kamati ikija kukaa miezi mitatu baadaye namba zitakuwa zimesogea na mtu atauliza kwa nini hazifanani.